Bibi Akipasuliwa, Bwana Akae Wapi?

Mfanyakazi mwenzangu, fungua Sheria ya Kazi ya nchi yetu, ile nambari 015/2002 ya tarehe 16 Oktoba 2002, utafute mahali panapoandikwa konji za mambo ya jamaa. Utakuta kwamba mfanyakazi anayeoa anapewa siku 2 za kazi. Bibi yake akizaa, siku 2. Bibi yake akifa, siku 4. Soma orodha hiyo mpaka mwisho: hutaona siku hata moja kwa bwana ambaye bibi yake amepasuliwa tumbo na yuko hai kitandani. Siku za kumzika zimehesabiwa, siku za kumuuguza hazikuhesabiwa.

Sisemi hivyo kwa kuitukana sheria. Sheria hiyohiyo inamlazimisha mwajiri kumtunzisha mfanyakazi pamoja na jamaa yake, na operesheni imo ndani ya matunzo hayo. Jirani zetu wengi wa Mudaka wanaoishi kwa shamba na kwa soko hawana bahati hiyo. Lakini matunzo yanayolipwa na kampani ni meza ya operesheni, dawa na kitanda. Kinachobaki, yaani kumwinua mgonjwa, kumwosha, kumlisha, kusikia maneno ya munganga na kuyakumbuka, kimeachwa kwa jamaa. Na jamaa, kwa desturi yetu, maana yake ni wanawake.

Tunajua wote mambo yanavyokwenda. Bibi anaumwa, anapelekwa Murhesa, au Katana, au Bukavu mjini. Bwana yuko mgodini, kambini. Anapigiwa simu. Anatuma pesa kwa simu, anapiga simu kwa mama mkwe au kwa dada yake ili akawe mlinzi wa mgonjwa, yule tunayemwita gadimalade, halafu anarudi kazini na moyo mwepesi akidhani amemaliza kazi yake. Juma likiisha anakuja na soda na mikate, anasimama mwishoni mwa kitanda nusu saa, kofia mkononi kama mgeni. Watu wanamsifu: bwana mwema, hakumtupa bibi yake.

Maoni yangu ni kwamba pesa haitoshi, na kwamba mahali pa bwana ni pale penye kitanda, hasa katika siku 3 za kwanza, na baadaye ni pale penye maji na kuni nyumbani, kwa majuma 6. Nitaeleza kwa nini, maana si jambo la mapenzi peke yake. Ni jambo la kazi, kama vile kutegemeza dari la shimo kabla ya kuingia.

Kwanza, kabla ya yote, ile saa ya kukubali. Mtoto amekwama tumboni, au homa ya matumbo imetoboa utumbo, au ngiri imejifunga. Hapo saa moja ni kitu kikubwa. Nimesikia mara nyingi jamaa wakisema, «Tungoje bwana wake aseme,» na bwana yuko ndani ya shimo, simu yake iko katika sanduku la nguo. Ndugu, ukiondoka kwenda zamu, sema wazi mbele ya bibi, mbele ya mama mkwe na mbele ya mkubwa mmoja wa ukoo wako: munganga akisema apasuliwe, apasuliwe, msiningoje. Acha na karatasi yako ya kampani na namba ya matrikule mahali wanapoijua. Maneno hayo hayana gharama.

Halafu damu. Hospitali ikiomba jamaa walete mtu wa kutoa damu, wanaume wanapotea kama wezi wa kuku. Mtu mzima mwenye afya anatoa kama mililita 450, anakunywa maji, anakula, anarudi nyumbani kwa miguu yake. Mwili unatengeneza nyingine. Damu inapimwa ukimwi, homa ya ini na kaswende kabla ya kutiwa kwa mtu. Lakini ujue jambo moja ili usikasirike: damu ya bwana haifai kutiwa moja kwa moja kwa bibi ambaye bado anazaa, kwa sababu mwili wake unaweza kujifunza kupigana na damu hiyo, na mimba ya baadaye ikapata shida. Kwa hiyo yako itawekwa kwa mgonjwa mwingine, na bibi yako atapewa ya mtu mwingine. Hujadanganywa.

Sasa tuje kwenye kitanda. Watu wengi wanafikiri kwamba aliyepasuliwa alale chali bila kujisukuma, kwamba akitembea nyuzi zitakatika. Mama mkwe analinda mlango, binti akitaka kukaa wanamlaza tena. Hilo ndilo kosa kubwa la walinzi wetu, na linatoka katika huruma. Mtu aliyelala bila kusogea, damu inaweza kuganda katika miguu yake. Kipande kikitoka kikaenda katika mapafu, anaweza kufa ghafula huku kidonda ni kizuri. Tena mapafu yasiyojazwa hewa vizuri yanashika nimonia. Ndiyo sababu muuguzi anataka mgonjwa akae kitandani na kusimama mapema, mara nyingi siku ile ya kwanza, munganga akikubali.

Lakini wodi ina muuguzi mmoja na vitanda vingi. Nani atamwinua? Hapo panatakiwa mikono yenye nguvu, na mwenye mikono hiyo, kwa kawaida, ni wewe unayeshika nyundo ya kuchimbia. Usimvute kwa mikono kutoka mbele. Tumbo litajikaza na atalia. Mwambie akunje magoti, ajigeuze ubavu, miguu ishuke pembeni mwa kitanda, naye asukume godoro kwa mkono wakati wewe unamtegemeza begani. Akae kwanza, apumue, kizunguzungu kipite. Kisha asimame. Hatua tano siku hiyo, kesho ishirini. Akitaka kukohoa, mpe kikwembe kilichokunjwa akibane juu ya kidonda kwa mikono miwili, akohoe bila hofu. Asizuie kikohozi.

Kama ana mpira wa mkojo, mfuko wake ukae chini kuliko kiuno chake, usiguse sakafu, na mpira usikunjwe. Mkojo ukiacha kushuka, au mfuko ukijaa damu, mwite muuguzi mara moja. Nawa mikono kabla ya kumgusa na baada ya kumgusa. Wageni wasikae juu ya kitanda chake. Hapo pia bwana ana nguvu kuliko mama mkwe, kwa sababu wageni wa ukoo wako wewe, hakuna mwingine anayeweza kuwatoa nje bila ugomvi.

Chakula kinaleta vita kila siku. Baada ya kuzaa kwa kupasuliwa, mama anaweza kuruhusiwa kula mapema. Aliyekatwa utumbo ni habari nyingine. Anangoja amri ya munganga. Ndiyo maana muuguzi anauliza kila asubuhi kama mgonjwa ametoa upepo. Msicheke, upepo huo ni habari njema, unaonyesha kwamba matumbo yameamka. Bugali na sambaza zilizofichwa ndani ya kikapu na shangazi mwenye huruma zinaweza kuharibu kazi ya munganga. Ikiruhusiwa, anza na uji laini, supu, kisha maharagwe, mayai, samaki, mboga, maana nyama ya kidonda inajengwa na vyakula vya namna hiyo. Soda ile uliyoleta, kunywa mwenyewe.

Na maumivu. Wanawake wetu wamefundishwa kunyamaza, tena wanasifiwa kwa kunyamaza. Mgonjwa anayenyamaza kwa maumivu hapumui vizuri, hatembei, hakohoi. Umuulize, umwambie muuguzi. Lakini usikimbilie sokoni kununua vidonge vya rangi kwa mwuza dawa wa njiani. Hujui vimechanganywa na nini wala vitagongana na dawa gani.

Najua mtajibu nini. Wa kwanza atasema: katika wodi ya wanawake mwanaume hawezi kulala. Kweli, na ni haki. Usiku ni wa mama mkwe au wa dada. Mchana, katika saa zinazoruhusiwa, ni wako. Wa pili atasema: nikikaa hospitalini nani ataleta pesa? Ndugu, siku 3 hazitamaliza mshahara wako. Kidonda kikioza kwa sababu hakuna aliyesikia maelezo, hapo ndipo utatumia siku 30, na pesa ya ng'ombe juu yake. Wa tatu hatasema kwa sauti, lakini ndiye mkubwa wao: atachekwa. Ataonekana amebeba beseni la bibi yake, na kesho watasema kwamba amelishwa dawa ya mapenzi. Kwa huyo sina jibu la kiganga. Ninamuuliza tu kama anawaogopa wale watu kuliko anavyoogopa siku zile 4.

Kuna sababu nyingine ya bwana kuwapo, nayo ni masikio. Munganga anapita asubuhi, anasema maneno machache, anakwenda. Mama mkwe anayarudisha kama alivyoyasikia, shangazi anayaongeza, na jioni ukoo mzima unajua jambo ambalo munganga hakulisema. Hatari inazidi pale kizazi kimetolewa ili kuokoa maisha kwa sababu damu ilikataa kusimama. Bwana aliyekuwapo amesikia mwenyewe kwamba ilikuwa ama kizazi ama mama. Bwana aliyekuwa kambini anasikia kwa dada yake kwamba «wamemharibu», na kabla bibi hajatoka hospitalini watu wameanza kumtafutia msichana mwingine, wengine wanatafuta mchawi. Ukiwapo, uliza mbele ya muuguzi: ametolewa nini, kwa nini, arudi lini, mambo gani tuyaogope. Andika. Karatasi ya kutoka ikae kwako, isikae katika mkoba wa mtu.

Sitasahau wale waliopasuliwa kwa sababu ya fistula, yaani tundu linalopitisha mkojo au choo baada ya uzazi uliokawia, au baada ya ukatili. Bukavu inajulikana dunia nzima kwa kazi hiyo, kwa ajili ya Hospitali ya Panzi iliyoanzishwa mwaka 1999 na Daktari Denis Mukwege, aliyepewa Tuzo ya Nobel ya Amani mwaka 2018. Wanawake wanatoka mbali kuja huko, na sisi wa Mudaka inatubidi tu kuuvuka mji kutoka kaskazini hadi kusini. Lakini sindano ya munganga inashona nyama; kinachofuata kinamtegemea pia bwana. Kwa fistula nyepesi, Shirika la Afya Duniani lilishauri mwaka 2018 mpira wa mkojo ukae siku 7 hadi 10. Kwa fistula ngumu munganga anaweza kuuacha zaidi. Kisha bibi hukatazwa kulala na bwana kwa miezi kadhaa, na mara nyingi inasemwa miezi 3. Bwana asiye na subira hapo anafungua kilichofungwa. Na mimba ikija baadaye, mama huyo ajulishe hospitali mapema, maana mara nyingi atashauriwa kuzaa kwa kupasuliwa. Mambo hayo anatakiwa kuambiwa bwana na bibi wakiwa wamekaa pamoja.

Sasa amerudi nyumbani. Hapa Mudaka ndipo ninapoogopa zaidi, kwa sababu hospitali ina ukuta na mlinzi, nyumba haina. Angalia njia ya soko siku ya soko: mama amebeba gunia la makala mgongoni, kamba inapita juu ya paji la uso, shingo imekazwa, tumbo limekazwa, na njia inapanda. Huyo ndiye mwanamke wetu, hivyo ndivyo anavyosomesha watoto. Bidoni ya maji ya lita 20 ina uzito wa kilo 20, bila kuhesabu bidoni yenyewe. Hakuna anayemlazimisha kwa fimbo aliyepasuliwa majuma mawili yaliyopita. Anaona tu kwamba maji yamekwisha, watoto hawajaoga, naye anaona haya kukaa.

Kidonda kinadanganya. Ngozi inafunga upesi, nyuzi zinatolewa, kwa nje kovu linaonekana kavu na zuri. Lakini nguvu ya kovu katika juma la 3 ni kama sehemu moja ya tano tu ya nguvu ya ngozi iliyokuwapo kabla ya kisu. Baada ya miezi 3 inafikia kama sehemu nne za tano, na haitarudi kamwe kuwa kamili. Chini ya ngozi, ule ukuta wa tumbo unaoshika matumbo nao unakwenda polepole. Ukiutwika gunia katika juma la 3, unaweza kupasuka ndani bila ngozi kupasuka. Matumbo yanasukuma, uvimbe unatokea penye kovu, na safari ya pili ya meza ya operesheni imeanza. Ndiyo maana tunasema majuma 6 bila mzigo. Aliyezaa kwa kupasuliwa abebe mtoto wake, asibebe kitu kizito kuliko mtoto. Si maji, si makala, si ndizi, si mtoto wa miaka 3 anayelilia mgongo.

Basi nani atachota? Kama uko nyumbani, wewe. Baiskeli inabeba bidoni nne, na mwanaume anayechota maji kwa baiskeli hata desturi haimcheki. Kama unarudi kambini, mtafute kijana wa kulipwa kabla hujaondoka, mhesabie majuma 6, mlipe kwa juma, na umwambie bibi mbele yake kwamba bidoni si kazi yake. Hapo ndipo pesa ile ya simu inapopata kazi ya maana. Watoto wakubwa, wa kiume pia, wapewe zamu. Makala inunuliwe kidogo kidogo karibu na nyumba.

Kidonda kiachwe kikavu na safi kama hospitali ilivyoonyesha. Hakitiwi majivu, wala majani yaliyotwangwa, wala dawa ya meno, wala samli. Na ile desturi ya kukanda tumbo la mzazi kwa kitambaa cha maji ya moto, kwa aliyepasuliwa iachwe. Najua wakina mama wazee hawatafurahi nami.

Mrudishe hospitalini siku hiyohiyo, bila kungoja asubuhi, ukiona homa, usaha, kidonda kinanuka au kinafunguka, tumbo linajaa na kutapika kunaanza, damu nyingi inatoka chini, mguu mmoja unavimba na kuuma, au anakosa pumzi ghafula. Huyo wa pumzi usimpeleke kwanza kwa watu wa maombi. Waombaji wamfuate hospitalini.

Kuhusu kulala pamoja, kwa aliyezaa kwa kupasuliwa ngojeni kama majuma 6 na hata hapo muulizeni munganga. Mimba nyingine isije haraka: Shirika la Afya Duniani linashauri kungoja angalau miezi 24 baada ya kuzaa kabla ya kushika mimba tena, na kizazi chenye kovu kina sababu zaidi ya kungoja. Njia za kupanga uzazi zipo. Njooni wawili dispansari, msimtume mmoja.

Nimalize na jambo la kampani, kwa kuwa najua wajumbe wa sendika na mashefu wa zamu wanasoma gazeti hili hata kama wanaanza na ukurasa wa mpira. Wazee waliofanya kazi Kamituga wakati wa SOMINKI, kati ya mwaka 1976 na 1997, wanapenda kusimulia juu ya hospitali ya kampani: bibi akilazwa, bwana anapita kumwona akitoka zamu. Leo mgodi uko huku na jamaa iko kule, katikati kuna mlima na matope. Kwa hiyo desturi ile haiwezi kurudi yenyewe, lazima iandikwe.

Sheria inaweka kipimo cha chini. Mkataba wa pamoja una haki ya kuongeza. Ninaomba mambo mawili tu. Moja, siku 3 za konji yenye kulipwa kwa mfanyakazi, mwanaume au mwanamke, ambaye mwenzake wa ndoa amefanyiwa operesheni kubwa, kwa karatasi ya hospitali yenye muhuri. Wanawake tulio nao kazini nao wana mabwana wanaopasuliwa ngiri. La pili ni mpango wa zamu: atakayeomba kubadilishana zamu na mwenzake katika yale majuma 6, shefu asimhesabu kama mvivu. Mtu ambaye akili yake iko Mudaka huku mikono yake iko kwenye mashine si mfanyakazi wa kutegemewa, na kuhusu vidole vilivyokatwa kwa sababu hiyo, daftari la dispansari liko hapa, mashefu wanaweza kuja kulisoma.

Wajumbe wakikaa na kurugenzi kuzungumza mkataba, wachukue siku hizo 3 pamoja na habari ya mishahara, wasiziweke mwisho wa karatasi pale watu wanapoanza kutazama saa. Mimi nitaleta fomu. Nimekwisha kuichora: ina mistari sita, na ule wa mwisho ni wa sahihi ya munganga.